Ahadi Chini ya Mti



Vijana wa shule yetu wamenijia mara nyingi wakiniuliza, “Babu Mwalimu, ni kweli ulimwona kwa macho yako yule mwimbaji aliyezaliwa Unguja?” Nami huwajibu, “Ndiyo, nilimwona siku ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba mwaka 1976, katika mji wa London, wala sikutoa hata senti moja.” Hapo hufurahi, wakaniomba niwaeleze watu walikuwa wangapi na ngoma zililiaje, nami huwaeleza. Walakini kila mara nimewapa nusu ya habari tu. Nusu ya pili nimeificha kwa kuwa inanitia haya. Sasa miaka yapata hamsini imepita, na mimi ni mzee. Nimeona ni vema niiandike habari yote, nisije nikaondoka nayo.

Mwaka ule nilikuwa Uingereza kwa masomo ya ualimu. Nilikaa katika nyumba ya mama mmoja mjane, aliyepangisha vyumba vyake kwa wageni. Chumba cha pili karibu nami alikaa Muunguja mmoja, mtu wa makamo yangu, aliyefanya kazi ya usiku katika hospitali. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye Kiswahili cha kupendeza ambacho sisi watu wa bara hukisikia kwa wivu. Tulikula pamoja siku za mapumziko, tukapika wali kwa nazi ya kopo, tukacheka. Lakini habari za kwao hakuzitaja kamwe. Nilijua tu ya kuwa alitoka Unguja mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya mwezi wa Januari, akiwa kijana wa miaka 17. Nikimwuliza juu ya wazazi wake, alisema, “Mwalimu, hebu tazama sufuria, wali usiungue.” Nami nikajifunza kutouliza.

Siku moja akaja chumbani mwangu na gazeti mkononi, macho yake yaking'aa. Akaniambia, “Jumamosi pana muziki katika bustani ya Hyde Park, na watu wote wanaingia bure. Waimbaji ni kundi liitwalo Queen. Na huyu mwimbaji wao mkuu, unamjua ni nani?” Nikasema simjui. Akasema, “Huyu ni mtoto wa kwetu. Wazungu humwita Freddie Mercury, lakini jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Amezaliwa Unguja mwaka 1946, katika watu wa Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali. Nao waliondoka mwaka ule ule tulioondoka sisi.”

Nilimtazama kwa mashaka. Jina la kundi lile nililijua, kwani wimbo wao mmoja, “Bohemian Rhapsody”, uliotoka mwaka 1975, ulikuwa umekaa majuma tisa mbele ya nyimbo zote za Uingereza, na mama mwenye nyumba aliusikia redioni hata akachoka. Lakini mimi nililelewa katika kwaya, nikafundishwa ya kuwa wimbo ni sauti nne zinazopatana, kila mtu akisimama mahali pake. Muziki huu wa roki, wa magitaa yapigwayo kwa nguvu za umeme, niliuona ni kelele. Na zaidi, neno lile “bure” lilinitia wasiwasi. Wahenga walinena, rahisi ghali.

Mama mwenye nyumba naye akaniongezea hofu. Akanieleza ya kuwa mikutano ya namna hii katika bustani ile ilianza mwaka 1968. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Julai 1969, kundi la Rolling Stones lilipiga muziki pale siku mbili baada ya kufa mwenzao wa zamani, Brian Jones, na watu waliohudhuria walihesabiwa kuwa si chini ya 250,000. Siku ile ilipita kwa amani. Lakini tarehe 6 Desemba ya mwaka huo huo, kundi lile lile lilipiga bure huko Altamont, katika jimbo la California, Marekani, mbele ya watu yapata 300,000. Ulinzi wa jukwaa wakapewa waendesha pikipiki, ambao ujira wao, kama ilivyosemwa, ulikuwa pombe. Kijana mmoja wa miaka 18 akachomwa kisu akafa karibu na jukwaa, na wengine watatu wakafa siku ile, wawili kwa kugongwa na motokaa na mmoja kwa kuzama majini. Mama yule akamaliza kwa kuniambia, “Wewe ni mwalimu. Una shughuli gani huko?”

Hata hivyo nilikwenda, kwa sababu mwenzangu aliniomba, naye hakuwa mtu wa kuomba kitu.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Bustani ile ni kubwa, ina ekari yapata 350, na katikati yake limo ziwa liitwalo Serpentine. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali sana katika Uingereza, hata serikali ilikuwa imemweka waziri wa kushughulikia ukame, na nyasi za bustani zilikuwa zimekauka rangi ya mchanga. Nilipoziona nilikumbuka kwetu mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Watu walikuwa wakiingia kwa kila njia kama siafu: vijana wenye nywele ndefu, wasichana waliovaa maua, hata wazee wachache, na akina baba waliobeba watoto mabegani. Wengine walikuja na vikapu vya chakula na mablanketi, kwa kuwa waandalizi waliita siku ile karamu ya kando ya ziwa.

Mwenzangu akatafuta mti. Alizunguka akaukataa mmoja, akaukataa wa pili, hata akaupata mti mkubwa uliosimama peke yake kidogo, wenye tawi moja lililovunjika. Akaweka kiganja chake juu ya gome lake akasema, “Mwalimu, tukipotezana, tukutane hapa. Asiyemwona mwenziwe asiondoke.” Nikasema, “Vema.” Akasema tena, “Asiondoke, hata ikiwa usiku.” Nikasema, “Nimekubali.” Akasema mara ya tatu, nami nikacheka nikamwambia, “Ndugu yangu, mimi si mtoto. Nimekuahidi.” Yeye hakucheka.

Tukakaa chini ya mti ule tukangoja saa nyingi. Na hapa nataka kuwashuhudia wale vijana, kwani nilikuwa nimewahukumu kabla sijawaona. Kijana mmoja aliyekaa karibu nasi alituambia ya kuwa ametoka kwao usiku, akapanda magari matatu ili awahi. Alikuwa na mkate mmoja na chupa ya chai. Alipotuona hatuna kitu, aliukata mkate ule vipande vinne, akatupa sisi viwili, akampa msichana asiyemjua kipande kimoja, akala kimoja. Mtoto mmoja alipotea, nao wakampitisha juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, hata akamfikia mama yake. Choo kilikuwa mbali, maji hayakutosha, jua liliwaka, na tulibanana hata mtu akitaka kujinyosha alipaswa kuwaomba radhi watu watano. Lakini sikusikia matusi. Walizijua nyimbo zote kwa moyo, wakaziimba hata kabla waimbaji hawajafika, kama watu wanavyoimba njiani waendapo arusini.

Waimbaji wengine walitangulia, na jua likaanza kushuka. Hapo mwenzangu akasimama. Akasema, “Nakwenda mbele. Nataka nimwone uso wake. Wewe ningoje hapa.” Akapenya katikati ya watu, na mara sikumwona tena.

Kundi la Queen lilipotokea jukwaani, palitoka sauti kubwa ambayo sijapata kuisikia tena maishani mwangu. Watu siku ile walikisiwa kuwa 150,000, na wengine husema 200,000. Yule mtoto wa Unguja alitokea amevaa nguo nyeupe, na kwa umbali niliokuwapo alionekana mdogo kama kidole. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nikaanza kuchunguza. Nikaona mpiga ngoma akiteremsha fimbo yake, na baada ya kitambo kidogo ndipo mlio ukanifikia. Nikajiambia, sauti huenda yapata mita 340 kwa sekunde. Basi mimi niko yapata mita 200 kutoka jukwaani. Baadaye nimewafundisha watoto wengi somo la sauti kwa mfano huo.

Kijana wa mkate alikuwa akinieleza habari za kila mmoja wao kwa fahari, kana kwamba ni ndugu zake. Alinieleza ya kuwa mpiga gitaa, Brian May, alilitengeneza gitaa lake mwenyewe pamoja na baba yake, na shingo yake waliichonga katika ubao wa zamani uliotoka katika meko ya kuotea moto. Tena ya kuwa alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota. Sikuamini sana siku ile, lakini yalikuwa kweli, na mwaka 2007 mtu huyo alipewa shahada ya udaktari katika elimu hiyo, baada ya kuiacha kwa zaidi ya miaka 30. Nikaona haya kidogo, kwani nilikuwa nimewadhania kuwa watu wavivu waliokimbia shule.

Kisha likaja jambo lililonishinda. Magitaa yalinyamaza, na yule mwimbaji akakaa peke yake kwenye kinanda, akaimba wimbo mpya ambao ulikuwa haujatiwa bado katika sahani za santuri. Aliuimba polepole, kwa sauti ya juu, safi, isiyotetemeka. Watu wote wale, wengi kuliko miji mingi ya kwetu ya wakati ule, wakanyamaza. Nilisikia majani ya mti yakichezwa na upepo juu yangu. Nimesimamia kwaya kwa miaka mingi, najua jinsi ilivyo vigumu kuwanyamazisha watu 40 katika chumba kimoja. Nikajua ya kuwa nimesikia uimbaji wa kweli, na ya kuwa mtu yule alifundishwa vema alipokuwa mtoto. Baadaye nilipata habari kwamba alisoma Bara Hindi, katika shule ya Panchgani, na huko ndiko alikojifunza kinanda, akaimba katika kwaya ya shule.

Basi hapo ningaliweza kumaliza, na vijana wangu huwa nawamalizia hapo. Yaliyobaki ndiyo niliyoyaficha.

Muziki ulipita saa uliopangiwa. Giza lilikuwa limekwisha kuingia. Waimbaji walipoondoka jukwaani, watu waliwaita warudi waimbe tena, kama ilivyo desturi yao. Hawakurudi. Ilijulikana baadaye ya kuwa polisi walikataza, wakamwambia mwimbaji kwamba akirudi jukwaani watamkamata. Lakini sisi tuliokuwa mbali hatukujua neno. Tuliona taa zimezimika tu. Palikuwa giza kabisa, na watu maelfu na maelfu ndani yake, wengine wakiita, wengine wakinung'unika, na wote wakaanza kwenda kwa pamoja bila kujua kwa hakika mlango uko wapi.

Nikashika gome la mti ule. Nikaona watu wakipita pande zote mbili kama maji ya mto yapitavyo penye jiwe. Mtu mmoja akajikwaa katika miguu yangu akaanguka. Pakasikika kioo kikivunjika, na msichana akilia. Ndipo nikakumbuka maneno ya mama mwenye nyumba juu ya Altamont, na hofu ikanishika tumboni. Nikajiambia, “Yeye ni mtu mzima. Anaijua London kuliko mimi. Huenda amekwisha kutoka kwa njia ya mbele.” Nikauachia mti.

Ningependa kusema ya kuwa nilichukuliwa na watu, nisiweze kurudi. Nimewahi kujidanganya hivyo. Lakini nilipofika mlangoni, kwenye taa za barabara, palikuwa na nafasi, na moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilisimama pale kwa muda wa kutosha mtu kusoma ukurasa mmoja wa kitabu. Naliweza kurudi. Nikatazama giza la bustani, nikageuka, nikashuka kwenye kituo, nikapanda gari la moshi lipitalo chini ya ardhi, nikaenda nyumbani.

Hakuwapo nyumbani. Nikakaa kitini nikimngoja. Ikafika saa tano, ikafika saa sita, ikafika saa saba. Saa nane ya usiku nikasikia ufunguo mlangoni. Aliingia viatu vyake vimejaa vumbi, kwa kuwa magari yalikuwa yamekwisha, naye alikuja kwa miguu. Akaniona nimekaa na kikombe cha chai mkononi. Akasema, “Uko salama, Mwalimu?” Nikasema, “Niko salama.” Akasema, “Alhamdulillahi. Nalidhani umekanyagwa.” Akapanda ngazi akaenda kulala.

Siku ya pili nikamgongea mlango. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya udhuru. Akanisikiliza yote. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanisimulia habari za kwao. Akasema, “Mwaka ule wa 1964, baba yangu alinipeleka bandarini usiku. Palikuwa na chombo kiendacho Mombasa. Akaniweka karibu na shehena za watu akaniambia, ‘Ningoje hapa, narudi kumchukua mama yako.’ Nikangoja. Watu wakapanda, nahodha akaniita, nikakataa. Mwishowe mabaharia walinibeba wakanitia chomboni, na chombo kikang'oa nanga. Tangu siku hiyo sijapata habari zao. Kwa hiyo, Mwalimu, kungoja mimi si mgeni. Jana nilikungoja pale hata walinzi wa bustani wakanitoa. Sikukasirika nawe. Lakini nilikuwa nikijiambia, safari hii atakuja, kwa kuwa yeye ameahidi mara tatu.”

Sikupata neno la kusema. Udhuru wangu wote uliniishia mdomoni. Nikamshika mkono nikalia, nikamwomba anisamehe, naye akanisamehe, akaniamuru nitie maji ya wali jikoni.

Tulipokuwa tukila, akaanza kucheka peke yake. Akanieleza ya kuwa alifika mbele sana, karibu na jukwaa, akauona uso wa mwimbaji waziwazi, na jasho lake. Hapo alishikwa na jambo asilolijua, akapaza sauti kwa nguvu zake zote, “Unguja! Unguja!” Vijana wa Kiingereza waliomzunguka hawakujua maana yake; wakadhani ni neno la shangwe la wapenzi wa kundi lile, nao wakalipokea. “Basi, Mwalimu,” akasema, “watu kama hamsini hivi, hawajapata kuiona hata katika ramani, walisimama katikati ya London wakipiga kelele, Unguja, Unguja. Sijui kama yeye alisikia. Lakini mimi nilisikia.”

Nilirudi nyumbani mwaka 1977, nikashika chaki yangu tena. Tuliandikiana barua kwa miaka mingi. Yule mwimbaji alipofariki London, tarehe 24 Novemba 1991, mwenzangu aliniandikia barua fupi kunipa pole, kana kwamba nimefiwa, na kwa kweli niliona nimefiwa. Naye mwenyewe sasa amekwisha kutangulia. Habari za wazazi wake hakuzipata.

Miaka michache iliyopita nilivuka bahari kwenda Unguja. Tangu mwaka 2019 pana nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury katika Mji Mkongwe, na wageni hutoka nchi za mbali kuitazama. Nami niliitazama, kisha nikashuka bandarini. Nikasimama pale tangu alasiri hata taa zikawashwa. Hapakuwa na mtu wa kumngoja, nami nalijua, lakini niliona ni deni.

Walimu wenzangu, tunapowapeleka watoto safarini, mnijuao mnajua desturi yangu. Huwachagulia mti, huwaambia, “Aliyepotea aje hapa.” Kisha nakaa chini yake mwenyewe, na gari likipiga honi mara ya kwanza siondoki, wala mara ya pili. Wengine wamenicheka wakisema ya kuwa mzee ni mwoga wa kuhesabu. Sasa mmejua sababu yake.

Mimi ni mwalimu mwenzenu wa zamani.